Siku ya Kufuli

Watu wa ng'ambo ya reli waliacha kumpigia hodi Mama Bendera ghafla, kama walioambiana, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotaka kukubali.

Tangu arithi kazi ya geti kutoka kwa marehemu mumewe, hodi ndiyo iliyokuwa saa yake. Kivuko kilikuwa na geti kila upande wa reli, na nyumba ya mlinda geti ilijengwa ubavuni kabisa mwake, upande wa mjini, hivyo kwamba anayetaka kuvuka alipita mbele ya mlango wake, karibu aone kilichomo sufuriani. Nani mwenye malezi atakatiza mlangoni kwa mtu bila hodi? Wanafunzi walipiga hodi, wauguzi waliokuwa wakiingia zamu walipiga hodi, hata yule mlevi anayetukana wakwe zake hadharani, akifika hapo alivua kofia na kusema hodi kwa sauti ya mtoto wa shule. Naye alijibu karibu, akatazama reli kulia na kushoto, akafungua.

Ni mtu mmoja tu ambaye hakupiga hodi maishani mwake, naye ni baba yake mzazi. Mzee Fundi alikuwa seremala, na karakana yake ilisimama pale pale yalipo mataruma sasa, kabla Kampuni ya Reli haijaja na sheria zake. Na Kampuni ya Reli, msomaji, si jirani wa kugombana naye. Ikiutaka uwanja wako inauchukua kwa manufaa ya umma, na wewe ambaye ndiye umma unaambiwa uhamishe vitu upesi. Mti wako ukiinamia njia, inaukata. Mbuzi wako akionekana kwenye reli, kesi ni yako wewe. Ina askari wake wa kukukamata na wakili wake wa kukueleza kwa nini umekamatwa. Mzee alibeba meza yake ya kupigia randa, akajenga upya huko ng'ambo, na tangu siku hiyo akawa na neno moja: "Nipige hodi kwangu? Nimerogwa?"

Akifika getini alikohoa. Kikohozi kikavu, mara mbili, cha baba anayemjulisha mwanawe kuwa amefika. Mama Bendera alikijua kikohozi hicho kuliko honi ya treni. Akifunguliwa, mzee alipita kifua mbele, na katikati ya reli alisimama kidogo na kuelekeza fimbo chini. "Hapa ndipo ilipokuwa meza," alisema, kama vile jana hakusema hayo hayo.

Sasa mzee alikuwa hoi kitandani kwa binti yake mkubwa, mshonaji, kule ng'ambo. Na hao wengine wote ndio wakaanza kupita kimya. Walisimama getini, wakamtazama Mama Bendera kwa macho ya kuomba radhi, wakangoja afungue. Muuza mkaa alijisahau akafumbua mdomo, mkewe akamfinya mkono. Mama Bendera alijichunguza nafsi, akatafuta ni nani aliyemkosea na lini, asipate. Alipomuuliza dada yake, aliambiwa, "Usiniulize, mdogo wangu. Ukijua, utaulizwa."

Hali ikiwa hivyo, ikafika Siku ya Kufuli.

Siku hiyo ilikuwa moja tu katika mwaka. Kampuni iliagiza geti lifungwe kwa kufuli kubwa tangu alfajiri hadi jioni, na watu wazungukie darajani, mwendo wa kumchosha mzima sembuse mgonjwa. Kwa nini, kwa miaka mingi hakuna aliyejua. Wengine walisema ni ya kuipumzisha reli, kana kwamba reli ni punda. Ila mwenye shida ya kweli alikuja, akapiga hodi, akaeleza shida yake, akafunguliwa. Kampuni yenyewe ilisisitiza: anayeomba asinyimwe. Watu wakasema, hata fisi ana siku ya huruma, maisha yakaendelea.

Alfajiri hiyo, kabla Mama Bendera hajalifunga geti la ng'ambo vizuri, dada yake alitokea upande wa pili wa geti. Kitambaa cha kichwa alikuwa amekifunga ovyo, na yeye si mtu wa kufunga kitu ovyo. Mama Bendera akajua kabla hajaambiwa.

"Baba ametutoka," dada alisema.

Walishikana mikono juu ya chuma cha geti na kulia hapo hapo. Makaburi yalikuwa upande wa mjini, nyuma ya hospitali. Mazishi yangekuwa alasiri.

"Huji nyumbani?" dada aliuliza.

"Mwenzangu wa kupokezana anaumwa. Nikiacha geti, ni jela moja kwa moja, sheria ya reli haijui msiba. Lakini nitawafungulia, dada. Nyinyi pigeni hodi tu kama zamani. Leo ninaletewa mgeni kutoka makao makuu."

Dada aliiachia mikono yake. "Hatupigi."

"Hata leo? Hata na baba mabegani?"

"Leo ndiyo kabisa," dada alisema, akageuka akaondoka. Mama Bendera alibaki ameshika chuma baridi. Baba mmoja wamezaliwa, baba mmoja wamefiwa, na bado anafichwa jambo kama mpangaji.

Mgeni mwenyewe alikuja na gari safi, akaliegesha upande wa mjini, chini ya kivuli cha nyumba. Alikuwa wakili wa Kampuni, kijana mwenye adabu. Alivua viatu mlangoni ingawa sakafu ilikuwa ya saruji tupu. Aliposikia habari za msiba alisimama wima, akatoa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililomtatiza Mama Bendera siku nzima. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mshenzi.

Kisha kijana alitoa simu, akaisimamisha juu ya miguu mitatu ya chuma, akaielekeza kwenye geti la ng'ambo.

"Unapiga picha ya nini, mwanangu?"

"Ya kawaida tu, mama. Watu wakija, wakipiga hodi, ukiwafungulia. Fanya kama siku zote."

"Hawapigi tena. Sijui nimewakosea nini."

Wakili aliacha kuhangaika na simu. "Hawajakwambia? Hujawakosea kitu. Walinisikia mimi mahakamani, kwenye kesi yao ya kuidai njia hii." Akavuta kigoda, akamweleza kwa upole, kama anavyoelezwa mgonjwa ugonjwa wake. Njia ikitumiwa na watu miaka na miaka bila kuzuiwa wala kuombwa, sheria huanza kuiona ni ya watu. Kampuni kubwa haiwezi kuacha hilo litokee. Kwa hiyo inafunga siku moja kila mwaka, kuonyesha kwamba njia ni yake. Lakini kufunga peke yake hakutoshi. Kilichoipa nguvu kesi ni hodi. "Anayepiga hodi amekubali kwamba nyumba si yake. Hawa wamepiga hodi kila siku, mama. Tumeleta mashahidi, na wao wenyewe hawakukana. Wangekanaje? Umetusaidia sana wewe, na ukarimu wako."

Mama Bendera aliketi kitandani. "Na mkishinda?"

"Tunajenga ukuta. Treni mpya zina kasi, haziwezi kuchanganyika na watoto na baiskeli. Si ubaya. Watapita darajani. Na wewe hukusahauliwa." Kijana alitabasamu, akijua anatoa habari njema. "Nyumba hii itabaki yako mpaka uichoke. Niliiombea mwenyewe. Hukumu inakuja, na hakimu anataka kuona Siku ya Kufuli kwa macho yake. Ndiyo maana niko hapa na hii simu. Hodi moja tu iliyo wazi, inatosha."

Basi ndivyo adabu ilivyotumika! Mtu anafundishwa na mama yake kutoingia kwa watu kama mwizi, kumbe kila akisema hodi anakabidhi ardhi. Mama Bendera aliona uso wa kila mtu aliyemjibu karibu, akajiona kama aliyekuwa akiwauza mmoja mmoja huku akiwachekea. Akamkumbuka baba yake na kikohozi chake. Tusidanganyane, mzee hakujua sheria hata kidogo. Alikuwa mkaidi tu, na wakati mwingine ukaidi humfikisha mtu mahali ambapo elimu ingemchelewesha.

"Na nikifungua bila wao kuomba?"

Tabasamu la wakili likafifia. "Usifanye hivyo, mama. Hapo utakuwa umevunja agizo. Nyumba ni ya mlinda geti. Asiye mlinda geti hana nyumba. Na mimi sitaweza kukusaidia." Halafu, kwa kuwa hakupenda kumtisha mfiwa, akaongeza kwa heshima: "Hujui ukubwa wako. Ukisimama pale na bendera, wewe si mtu mmoja, wewe ni Kampuni. Hata mkurugenzi mkuu akija hapa, kisheria hawezi kumvusha mtu reli. Mimi nikisema karibuni, ni kelele. Wewe ukisema karibu, Kampuni imesema karibu. Mdomo wako ndio mdomo wake."

Alasiri ikaja upesi kuliko kawaida. Mama Bendera alipiga simu stesheni kuulizia njia. Mkuu wa stesheni, mtu mkali asiye na maneno mengi, alimpa pole na kusema, "Treni ya mizigo nimeizuia huku. Lakini siwezi kuizuia mpaka kesho, Mama Bendera. Wakifika, wavushe mara moja."

Mama Bendera alifungua geti la upande wa mjini, akavuka reli na bendera zake kwapani, akasimama nyuma ya geti la ng'ambo lenye kufuli. Wakili alikwisha kuhamia pembeni yake na simu yake. Jua lilikuwa kali na mataruma yalinuka mafuta.

Msafara ukatokea kwenye kona ya maduka. Jeneza lilikuwa mbele, wanafunzi wa mzee walikuwa wamelipiga randa asubuhi ile na vanishi ilikuwa bado inanuka mbichi. Dada alitembea kando yake. Nyuma walikuwa watu wote wa ng'ambo, wauguzi, muuza mkaa na mkewe, mlevi akiwa amevaa shati safi. Walifika getini, wakasimama. Hakuna aliyesema neno.

"Ngoja waombe," wakili alinong'ona.

Wabebaji walibadilishana mabega. Jasho liliwatoka. Kimya kile kilikuwa kizito kuliko jeneza, kwa sababu kila mmoja pale alikuwa na hodi ulimini na alikuwa akiimeza. Shangazi mkuu, dada wa marehemu, ambaye katika umri wake wote hakuwahi kusimama mlangoni pa mtu akanyamaza, hakuweza kuvumilia. "Ho..." alianza, na dada akamziba mdomo kwa kiganja, taratibu, kwa heshima zote, na machozi yakimtiririka.

Kwa mbali, upande wa stesheni, honi ililia mara moja. Si ya kuondoka bado, ya kukumbusha.

Hapo dada akakohoa. Kikohozi kikavu, mara mbili.

Mama Bendera alilitazama jeneza. Ilikuwa kama mzee ameketi ndani ya jeneza. Mbebaji wa mbele akakohoa, akafuata wa nyuma yake, kisha muuza mkaa, kisha wauguzi, mpaka msafara wote ukawa unakohoa, mara mbili mbili, wakimtazama yeye. Mlevi alikohoa kwa bidii mpaka akapaliwa.

"Wanafanya nini?" wakili aliuliza.

"Wanakohoa."

"Kukohoa si kuomba."

"Si kuomba," alikubali Mama Bendera, naye akalia waziwazi, bila kujifuta.

Kijana alimtazama, na hakuwa na moyo wa jiwe. Alisogea karibu. "Basi wasiombe, mama. Wewe waruhusu. Sema karibuni, kwa sauti ya kusikika, halafu fungua. Kampuni ikiruhusu bila kuombwa, bado imeruhusu. Baba yako atazikwa, nyumba itabaki, hakuna aliyevunja kitu. Neno moja tu."

Neno lenyewe alikuwa nalo tayari. Lilipanda lenyewe mpaka kwenye meno, kwa mazoea ya miaka yote, neno zuri kuliko yote anayoyajua. Nani atamlaumu mtu kwa kumkaribisha baba yake? Aliona kitanda chake, sufuria zake, dirisha alilolipaka rangi na marehemu mumewe. Aliona pia ukuta. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga, na hawakusema kwa utani.

Akaingiza ufunguo kwenye kufuli. Likafunguka. Akalivuta geti mpaka mwisho, na badala ya kujiweka kando kama afanyavyo siku zote, alitoka nje. Alivuka mstari wa geti, akaenda kusimama mbele ya dada yake, bendera mkononi, beji ya Kampuni kifuani, na wakili akamfuata mbio na simu yake, asijue anachokifuata.

"Hodi," alisema Mama Bendera.

Dada alimkodolea macho.

"Hodi jamani. Hodi hapa kwa Mzee Fundi."

Watu waligeukiana. Dada alichelewa kidogo, halafu mgongo wake ukanyooka, akauliza kama anavyouliza mtu aliye ndani kwake: "Nani anapiga hodi?"

"Kampuni ya Reli."

"Inataka nini?"

Sauti ilimtetemeka, lakini haikukatika. "Inaomba kupita. Na treni zake."

Shangazi mkuu, ambaye mdomo wake sasa ulikuwa huru, ndiye aliyeangua kilio. Dada aliweka kiganja kwenye jeneza. "Karibu," alisema. "Na ipite, sisi si watu wa kumnyima mtu njia. Ila itupishe kwanza. Tuna msiba."

"Tumewapisha," alisema Mama Bendera.

Jeneza likaingia. Watu walipita haraka haraka, bila kukimbia, na alipopita wa mwisho Mama Bendera alilivuta geti na kulifunga nyuma yake, akakimbilia mbele kushika ubavu wa jeneza. Katikati ya reli aliwagusa wabebaji, wakasimama.

"Hapa ndipo ilipokuwa meza," alisema.

Walisimama kwa muda ambao mzee angesimama, wakaendelea. Walipofika geti la mjini honi ililia tena, na safari hii ilikuwa ya kuondoka. Dada alimshika mkono ili waende pamoja. Mama Bendera aliutoa mkono wake polepole. Treni haijui msiba, na watoto wa watu wapo njiani. Alilifunga geti, akakunjua bendera, na kutoka hapo alipokuwa alimsindikiza baba yake kwa macho mpaka jeneza likapotelea nyuma ya ukuta wa hospitali.

Treni ya mizigo ilipita, ndefu, ikitikisa madirisha ya nyumba ambayo haikuwa yake tena. Vumbi lilipotua, alimwona wakili. Kijana alikuwa amebaki ng'ambo, nje ya geti, simu mkononi, viatu vimegeuka rangi. Mama Bendera alivuka reli kumfuata. Walitazamana kati yao kukiwa na chuma.

"Lazima niipeleke kwa hakimu, mama," kijana alisema. "Yote kama ilivyo. Kuificha ni kosa, na mimi nimekula kiapo."

"Ipeleke."

"Watakutoa kwenye nyumba."

"Najua, mwanangu. Dada yangu ana chumba."

Kijana aliitazama simu, akaitia mfukoni. Gari lake lilikuwa upande wa mjini, kivulini. Akalitazama, akalitazama geti, na mdomo wake ukafumbuka kwa mazoea ya malezi mema, ukabaki hivyo bila sauti. Akaufumba. Aliangalia chini, kwenye mataruma, pale ambapo jeneza lilisimamishwa.

Kisha akakohoa, mara mbili.

Inawezekana ilikuwa vumbi. Mama Bendera hakumuuliza. Alitazama reli kulia na kushoto, akafungua.